Kibuyu cha Mama Patriki

Mkono wake ulikuwa juu ya mkono wa Violeth. Nilihesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, mpaka nikafika tisa, na mkono haukuondoka.

"Usikikabe kisu," Bonaventura alikuwa akimwambia. "Kiache kitembee na mti. Sukuma kwa dole gumba, hivi."

"Na nikijikata?"

"Si wewe ndiye nesi? Utajifunga mwenyewe."

Walicheka wote wawili. Violeth alikuwa na kicheko cha mtu ambaye hajawahi kuambiwa anyamaze. Alirusha kichwa nyuma, misuko yake ikagusa bega la Bonaventura, naye Bonaventura hakujisogeza. Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwenye meza yao, nimebeba sinia la viazi vitamu, na sikukumbuka tena nilikuwa nalipeleka wapi.

"Gau!" Konsolata aliniita kutoka mlangoni. Yeye ndiye aliyekuwa mpishi wetu siku ile, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mwepesi. "Hivyo viazi unavipeleka au unavilea?"

Watu wakacheka. Mimi nikainamisha uso, nikaenda.

Siku ile makumbusho yetu ya Katesh yalikuwa yamefungwa kwa watoto. Jengo lenyewe ni dogo, zamani lilikuwa ghala la mahindi, vyumba viwili na ua unaotazama Mlima Hanang. Mkuu wetu, Felician, alichoka kuona wanafunzi tu ndio wanaoingia huku wazazi wao wakipita nje kwenda sokoni. Akaamua kuandaa jioni ya watu wazima: saa tisa mpaka saa kumi na mbili, meza ya shanga, meza ya vikapu, meza ya kuchonga miko, kisha chakula cha nyumbani. Walikuja watu kama arobaini, wakulima wa Gendabi na Gehandu, walimu, na watumishi kutoka mikoa ya mbali.

Violeth alikuwa mmoja wa hao. Alizaliwa Ifakara, kwenye mpunga, akapangiwa kazi katika zahanati ya huku miezi mitano iliyopita. Kila mtu alimpenda. Hata mimi, kama si siku ile, ningempenda.

Mimi kazi yangu pale ni kutunza vitu na kuandika maelezo. Kila kikaratasi unachokiona chini ya ngao, mkuki au vazi la ngozi, huo ni mwandiko wangu. Kuandika naweza. Kusema ndiyo shida. Tangu nikiwa mtoto kule kwetu Bashay, mgeni akiingia nyumbani nilikuwa nakimbilia zizini, na mama alikuwa anawaambia, "Yupo, mtamwona mkiondoka."

Bonaventura alikuja mwaka juzi kututengenezea rafu. Ni seremala. Alipomaliza rafu alirudi kuangalia kama zimenyooka. Akarudi tena kuangalia. Mara ya tano nilimwambia, "Zimenyooka," akasema, "Najua." Hivyo ndivyo tulivyoanza, na kwa mwaka mmoja na miezi minne hakuna aliyejua, kwa sababu mimi nilimwomba asimwambie mtu.

Hasa mama yake. Mama Patriki wa Gehandu hakuwa mtu wa kuletewa habari nusunusu. Alikuwa mjane aliyelea wana watatu kwa ng'ombe na mahindi, na siku moja sokoni, akiwa hajui kwamba nipo nyuma yake napima maharage, nilimsikia akimwambia mwenzake, "Boni wangu namtakia mtu mwenye kazi inayoeleweka. Siyo kama yule binti wa makumbusho, anafutia vumbi vitu vya watu waliokufa." Hakusema kwa chuki. Ndiyo maana iliniuma zaidi.

Na siku moja kabla ya ile jioni, Bonaventura alinisimamisha nje ya duka la vifaa, akaniambia neno ambalo lilininyima usingizi.

"Kesho mama anakuja na maziwa yake. Nataka nimwambie."

"Subiri kwanza, Boni."

"Nimesubiri, Gau. Kesho nimwambie, au nisimwambie tena kabisa. Wewe chagua."

Sikuchagua. Sasa alikuwa pale, anashika mkono wa mwingine, na hakuwa ameniangalia hata mara moja tangu saa tisa.

*

Nilimpata nyuma ya jengo, anachagua vipande vya mti.

"Mbona unamfundisha yeye tu?" nilimuuliza. Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Nani?"

"Unamjua."

Alisimama wima. Ana macho ya kahawia yaliyotulia, na nikiyatazama sana huwa nasahau nilichotaka kusema. Siku ile nilitazama mti mkononi mwake.

"Amekuja kujifunza," alisema.

"Na wengine kumi na mmoja nao wamekuja kujifunza."

"Umewahesabu?"

Niliokota kipande cha mti kilichoanguka.

"Gau, nisikilize. Nikikaa karibu na wewe, unasema watu wataona. Nikikaa na mtu mwingine, unasema watu wanaona. Sasa mimi nikae wapi?"

"Umefurahi kukaa naye."

"Nimefurahi," alisema bila kukwepa. "Sitakudanganya. Nimefurahi mtu kucheka na mimi mchana, mbele za watu, bila kuangalia mlangoni."

Maneno yale yalinichoma mahali ambapo sikuwa na cha kujikinga. Alilitambua hilo, akalegea kidogo, akasogea.

"Mama yupo ndani. Twende sasa hivi. Dakika mbili tu. Nitasema mimi, wewe utasimama."

Niliviangalia viatu vyangu.

"Siyo leo, Boni."

"Haya," alisema. Akachukua mbao zake, akaondoka.

Nilipopata nguvu za kurudi ndani, nilimkuta Mama Patriki amekaa kwenye kiti cha mbele, kanga yake imefungwa vizuri mabegani. Nilipiga goti nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Kibuyu changu umekiweka wapi?"

"Kipo jikoni, mama. Juu ya meza."

"Kisiguswe. Nimekifukiza alfajiri. Kile ni cha marehemu mama yangu, na kabla yake cha mama yake. Maziwa yamo kwenye ndoo. Wakati wa chakula nitayatia, nitikise, watu wanywe wajue maziwa ni nini." Kisha akaangaza macho juu ya kichwa changu, uso ukamfunguka. "Violeth! Njoo hapa, binti yangu. Ile dawa ya presha uliyonipa imenifaa. Boni, mletee kiti!"

Binti yangu. Kwangu alikuwa amesema binti. Tofauti ni neno moja dogo, lakini nililibeba neno hilo mpaka jikoni kama mtu aliyebeba kaa la moto mkononi.

Bonaventura alileta kiti. Alikifuta kwanza kwa kiganja.

*

Robo saa kabla ya chakula, Konsolata alitoa tangazo kwamba vyombo havitoshi, na mwenye mikono asaidie. Violeth, kwa kuwa ndivyo alivyo, alikuwa wa kwanza kunyanyuka. Alikunja mikono ya blauzi, akakusanya bakuli na vikombe, na sijui ni nani aliyeweka pamoja na vile vyombo kibuyu cha Mama Patriki. Labda yeye mwenyewe alikiona mezani akadhani kimesahauliwa.

Nilitoka na ndoo ya maji nikamkuta bombani, amechutama. Bakuli alikuwa amezipanga zinang'aa. Alikuwa ameshika kibuyu kwa mkono wa kushoto, anachungulia ndani kwa jicho moja.

"Gau, dada yangu," alisema. "Hiki nacho ni cha kuosha, eeh? Kimejaa masizi ndani, angalia. Mtu akinywea humu ataletwa kwangu zahanati."

Pembeni yake palikuwa na pakiti ya sabuni ya unga, imefunguliwa.

Mtoto yeyote aliyekulia kwenye nyumba ya ng'ombe, Mbulu au Hanang, angeruka. Yale masizi si uchafu. Ni moshi wa vijinga vya mzeituni pori, umewekwa tabaka juu ya tabaka, mwaka juu ya mwaka, na ndio unaoyapa maziwa ladha na kuyatunza yasiharibike. Kibuyu cha maziwa kinasuuzwa kwa maji ya moto, kinasuguliwa kwa kijiti, kinafukizwa tena. Sabuni haikikaribii, kwa sababu kibuyu kinakunywa kila unachokitia. Ukikitia sabuni, kinakunywa sabuni.

Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Nililiandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri, chini ya vibuyu vitatu vilivyoko chumba cha pili.

Nilifungua mdomo. Na hapo nikaona, kwenye kifundo cha mkono wa Violeth, vumbi jeupe la mti, mahali vidole vya Bonaventura vilipokuwa vimeshika.

"Konsolata ananiita," nilisema.

Nikageuka, nikaondoka.

Konsolata hakuwa ameniita. Nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni nikasikia maji, kisha nikasikia sabuni ikitikiswa ndani ya kibuyu, na Violeth akiimba pambio la kanisani taratibu. Nilikuwa na muda wa kurudi. Nilikuwa na muda mwingi. Moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha mbaya, furaha ambayo sikujua kwamba inaweza kukaa ndani yangu. Mama Patriki atamjua binti yake, nilijiambia. Leo atamjua.

*

Makande yalikuwa yamepakuliwa, ugali wa mtama na mlenda umeshazunguka meza zote, Felician akaomba utulivu.

"Sasa, ndugu zangu, Mama Patriki atatuonyesha maziwa yanavyoandaliwa na wenyewe."

Watu wakapiga makofi. Violeth alikileta kibuyu kwa mikono miwili, kinang'aa kwa nje, akakiweka mbele ya Mama Patriki akitabasamu. Yule mama alikuwa anaongea na watu, hakukitazama vizuri. Alitia maziwa kutoka kwenye ndoo, akafunga mfuniko, akakiweka mapajani na kuanza kukitikisa, mbele, nyuma, mbele, nyuma, huku akiwaeleza jinsi mama yake alivyomfundisha.

Kisha akaacha kutikisa.

Alifungua mfuniko. Povu lilitoka, jingi, jeupe kupita maziwa. Alinusa. Akatia kidole, akaonja, akatema kwenye kanga.

"Nani amekiosha?"

Hakupaza sauti.

"Ni mimi, mama," alisema Violeth. Tabasamu lilikuwa bado usoni, halijapata habari. "Kilikuwa na masizi mengi, nikasema..."

"Kwa sabuni?"

"Ndiyo, mama. Na maji ya moto nikakisuuza mara tatu."

Mwanaume mmoja wa Gendabi akaguna. Mwingine akasema kwa chini, "Maskini." Mama Patriki alikuwa ameweka viganja viwili juu ya kibuyu kama anayepima homa ya mtoto.

"Miaka sitini moshi umeingia humu," alisema. "Mama yangu alikufa, mikono yake ikabaki humu. Wewe umeitoa kwa dakika tano."

Violeth alianza kuelewa. Niliona damu ikimshuka usoni. Bonaventura alisimama. "Mama, yeye si wa huku. Hakujua."

"Asiyejua anauliza! Chumba hiki kimejaa watoto wetu. Binti, hukuona hata mtu mmoja wa kumuuliza?"

Hapo Violeth aliniangalia.

Aliniangalia mara moja tu. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na ndani ya yale maji niliona kwamba amekumbuka kila kitu: mimi nimesimama na ndoo, swali lake, mgongo wangu. Nilingoja ataje jina langu. Nilijua hata namna atakavyolitaja.

"Nisamehe, mama," alisema. "Kosa ni langu."

Kama angenitaja, labda ningekana. Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaandaa uongo. Lakini alijitwika peke yake, mgeni yule, mbele ya watu arobaini, na miguu yangu ikaanza kutembea kabla sijaiamuru.

"Aliniuliza mimi," nilisema.

Mama Patriki aligeuka. "Unasemaje? Sema nikusikie."

"Aliniuliza mimi, mama. Bombani. Aliniuliza kama ni cha kuosha."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu. Nilimwacha."

"Wewe ni wa wapi?"

"Bashay, mama."

"Kwenu kuna ng'ombe?"

"Wapo."

"Basi ulijua." Alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, na nilitamani lile zizi la utotoni. "Ulijua, na ukamwacha. Nimekukosea nini mimi?"

"Wewe hujanikosea, mama."

"Yeye je?"

"Naye hajanikosea."

"Sasa kwa nini?"

Nilikuwa nasikia mwiko wa Konsolata ukidondosha matone ya mchuzi sakafuni. Sikuthubutu kumtazama Bonaventura. Nilijua kwamba nikisema ninachotakiwa kusema nitampoteza, na nisiposema nimeshampoteza.

"Kwa sababu nampenda Bonaventura," nilisema. "Na nilimwona ameshika mkono wa Violeth, na wewe ukamwita 'binti yangu', na nikaona wivu. Nikataka aaibike. Ndiyo sababu, hakuna nyingine."

"Yesu wangu," alisema Konsolata.

Mama Patriki hakunijibu mimi. Alimgeukia mwanawe taratibu.

"Boni. Unamjua huyu?"

Angeweza kusema namjua kama ninavyowajua wengine. Ningestahili.

"Namjua, mama. Mwaka mmoja na miezi minne."

"Na hukuniambia?"

"Alinikataza. Anaona aibu."

"Aibu!" Mama Patriki aliinua mikono. "Mwenye aibu ndiye aliyesimama hapa anatangaza kama mnada?"

Mtu akacheka, wengine wakafuata, lakini yeye hakucheka. Alikiinua kibuyu, akamwaga maziwa yale uani, akarudi.

"Nisikilizeni, na sitarudia. Kibuyu hakijapasuka, kwa hiyo hakijafa. Kitafukizwa na kumwagwa, kufukizwa na kumwagwa, mpaka sabuni itoke. Jumamosi mje kwangu Gehandu wote wawili, aliyeosha na aliyetazama. Violeth utasugua. Wewe wa Bashay utachochea moto, na moshi ukuingie vizuri machoni." Akaketi. "Na asiseme mtu kwamba nimekubali jambo. Mimi nimeongea habari za kibuyu tu."

*

Watu walipoanza kuagana, nilimfuata Violeth kwenye geti.

"Dada, nisamehe."

Alikuwa anajifuta macho kwa kiganja. "Ungeniambia tu, Gau. Ungesema, huyu ni wangu. Mimi sikujua hilo nalo."

"Najua."

"Na nilikuwa nimeanza kumpenda," alisema. "Kidogo. Kwa hiyo usiniombe msamaha leo, sina wa kukupa. Labda Jumamosi."

Aliondoka na walimu waliokuwa wakienda njia moja naye, bila kicheko chake. Wivu wangu ulitakiwa kuisha pale. Haukuisha. Nilimtazama anavyotembea, jinsi alivyo mzuri hata akiwa amelia, na nikafikiri juu ya Jumamosi nzima, sisi wawili kwenye jiko moja, na Bonaventura akipita uani.

Alikuja nyuma yangu. Nilimjua kwa harufu ya mbao.

"Nimekukasirikia," alisema.

"Ndiyo."

"Ulimwacha mgeni aaibike. Hicho sikukitegemea kwako."

"Hata mimi."

Tulisimama. Jua lilikuwa linaushukia mlima na ua wote umekuwa mwekundu. Alishusha pumzi.

"Lakini lile neno ulilosema, nimelingoja mwaka mzima. Lirudie. Sasa hakuna watu."

Nilimtazama. Nilifungua mdomo. Mbele ya watu arobaini lilikuwa limetoka lenyewe, na sasa, mbele yake peke yake, nilishindwa hata kuanza herufi ya kwanza. Yeye alingoja, na kwenye pembe ya mdomo wake niliona hasira ikipigana na kitu kingine.

Mama Patriki alikuwa ameshapanda nyuma ya pikipiki, ndoo mapajani.

"Wewe wa Bashay!" aliita kutoka barabarani. Watu wote waliokuwa wakiondoka wakasimama. "Nakuuliza, Jumamosi utakuja?"

"Ndiyo, mama," nilisema.

"Sikusikii! Mimi mtu wa kunong'ona nyumbani kwangu simtaki!"

Bonaventura aliniangalia, akaniachia mwenyewe.

Nilivuta pumzi mpaka mbavu zikauma.

"Nitakuja, mama!" nilipiga kelele, na mbwa wa jirani wakaanza kubweka, na sikuangalia kama kuna mtu mlangoni. "Nitakuja mapema!"